Ahadi ya Ubani

Kitendawili! Nina nyumba yenye watu wengi. Alfajiri wote husema kwa pamoja, na hakuna anayemjibu mwenzake.

Ukishindwa, nenda Kongowe ya Kibaha jua likichomoza. Simama karibu na mabanda ya kuku. Jibu utalisikia kabla hujauliza.

Katika mabanda hayo alifanya kazi Mwanakheri. Aliishi Sofu na mumewe Mwinyijuma, fundi wa kuchomelea mageti. Kila asubuhi Mwanakheri alikunywa chai ya rangi na kiporo cha muhogo, akajifunga kanga, akaenda kazini. Alisafisha mabanda na kupuliza dawa ya kuua wadudu. Bomba la dawa alilibeba mgongoni. Mabanda yalifungwa mapazia pande zote, na harufu ya dawa ilimfuata mpaka kitandani.

Mwanakheri alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa kubwa sasa, hata mikanda ya bomba haikufungika tena mbele.

Siku moja kizunguzungu kilimkamata akiwa bandani. Bomba likamvuta nyuma, akakaa chini kwenye maranda. Akaweka mkono tumboni, akangoja mtoto acheze. Mtoto hakucheza. Mwanakheri akaendelea kungoja, kuku wakimzunguka na kumdonoa kanga. Baadaye sana, mtoto akageuka. Hapo ndipo Mwanakheri alipoanza kulia.

Jioni alipita kwa jirani yake, Laurentia, ambaye mtaani wote walimwita Mama Hilario. Mama huyu alifanya kazi kiwandani miaka mingi, na wenzake walimchagua kuwa mwakilishi wao. Sasa alikuwa amestaafu, analima mchicha nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Umekunywa chokaa?"

Mwanakheri alijaribu kucheka, akashindwa. Akaeleza yote.

Mama Hilario akanawa mikono. "Kesho asubuhi, kliniki. Nitakwenda na wewe."

Kliniki nesi aliwapima wote wawili, mama na mtoto. Mtoto alikuwa hai. Lakini nesi hakutabasamu.

"Dada, dawa hiyo usiishike tena. Hata kuingia bandani wakati inapulizwa, usiingie. Unaivuta wewe, inamfikia na yeye." Akaandika barua ya kumweleza mwajiri.

Nje, Mama Hilario alisema, "Haya, twende kwa msimamizi wako. Akupe kazi nyingine."

"Siwezi, mama."

"Unamwogopa yule Castory?"

"Castory namwogopa kidogo. Namwogopa zaidi Mungu, halafu babu."

Sasa msomaji, huu ulikuwa utaratibu wa ukoo wao. Babu yake Mwanakheri, Mzee Maulidi, aliishi Kisarawe. Katika ukoo wake hakuna mtu aliyeanza kazi ya kuajiriwa kabla ya kupita kwake. Mzee alichoma ubani kwenye chetezo, akasoma dua. Kisha mwenye kazi mpya alipitisha mikono kwenye moshi na kusema: "Sitakataa kazi ya bwana. Sitaondoka mpaka bwana aniache mwenyewe." Walisema hivyo wajomba na mashangazi. Alisema hivyo Mwanakheri. Waliiita ahadi ya ubani.

"Babu anasema anayekataa kazi hufungwa," alisema Mwanakheri. "Na mimi niliahidi."

Mama Hilario hakucheka. "Kufungwa jela kwa kukataa bomba?"

"Ndivyo anavyosema."

"Basi tuanzie Kisarawe. Kwa Castory tutakwenda baadaye."

Walimkuta Mzee Maulidi amekaa kwenye mkeka, anabangua korosho. Mkewe, Bibi Mwanaasha, alikuwa anapepeta mchele.

"Mke wangu huyo!" Mzee alimwita Mwanakheri. "Yule mwizi Mwinyijuma umemwacha wapi?"

"Anachomelea geti la watu, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Angechomelea la kwake kwanza, maana nitakuja kukuiba."

"Na meno hayo mawili?" alidakia Bibi Mwanaasha. "Utamwiba umlishe nini? Uji?"

Wakacheka wote. Walikaribishwa maji na korosho. Kisha Mwanakheri akasema kilichomleta. Korosho ikabaki mkononi mwa mzee.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Anacheza, babu."

"Alhamdulillahi." Mzee akatazama chini. "Kazi utaendelea nayo. Vumilia. Uliahidi."

Mama Hilario akasema kwa adabu, "Mzee wangu, nani alikwambia kwamba mtu hufungwa kwa kukataa kazi?"

"Sikuambiwa. Niliona."

Akaiweka korosho kando. Hata Bibi Mwanaasha aliweka ungo chini.

"Baba yangu alikata mkonge katika shamba la Mzungu," alisema mzee. "Aliweka dole gumba kwenye mkataba, akapewa kipande. Mama alikuwa mjamzito huku nyumbani. Akaja mtu kumwambia baba kwamba uchungu umemshika mkewe na mambo ni mabaya. Baba akaomba ruhusa. Msimamizi akamwambia, maliza kipande chako kwanza. Baba hakungoja. Akatoka kwa miguu. Alipofika alimkuta mama yuko hai. Mtoto alikuwa amekwisha zikwa."

"Inna lillahi," alinong'ona Mwanakheri. Hadithi hiyo hakuwahi kuisikia.

"Tulikuwa bado matangani. Askari wakaja kwa njia hii hii. Mimi mtoto mdogo, nimekaa pale mlangoni. Wakamfunga kamba baba yangu mbele ya watu waliokuja kumpa pole. Alifungwa jela. Kosa lake, ametoroka kazi. Aliporudi alituweka chini, akachoma ubani. Ahadi ni yake. Mimi nailinda tu, ili nanyi msifungwe."

Mama Hilario alifuta macho kwa upande wa kitenge.

"Mzee wangu," alisema, "hukudanganya watoto wako. Sheria hiyo ilikuwepo. Wakati wa Mwingereza, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha alishtakiwa kama mhalifu. Kipande kilikuwa kadi. Ilitiwa alama kwa kila siku uliyofanya kazi, mpaka siku za kazi thelathini zitimie. Ukiumwa, siku hiyo haihesabiwi. Sheria nyingi za wakati ule zilitutazama hivyo. Mshahara wa serikali ulifuata rangi ya mtu. Watu wawili kazi moja, malipo mbalimbali."

"Na dukani je?" mzee akadakia. "Baba alisema hata kukopa kulikuwa na sheria."

"Ilikuwepo. Ilimbana mwenye duka asimkopeshe Mwafrika bila kibali. Lakini mzee, hizo zote zimefutwa. Leo kuacha kazi si jinai. Mtu anatoa notisi kwa muda uliowekwa, anaaga, anakwenda zake. Anayemlazimisha mwenzake kufanya kazi kwa vitisho, huyo ndiye mwenye kosa."

"Kwa hiyo aache kazi?"

"Hana haja ya kuacha. Sheria inamkataza mwajiri kumpa mjamzito kazi ya kumdhuru yeye au mtoto. Hata anayenyonyesha ni hivyo hivyo. Mwajiri anatakiwa kumtafutia kazi nyingine salama, kama ipo. Pale kwao kuna chumba cha kupanga mayai."

"Bwana akikataa?"

"Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi anapeleka lalamiko lake, halipii kitu. Ila asikawie, maana kuna muda wa kulalamika."

Mzee Maulidi akainuka kwenye mkeka. Sauti yake ikawa kali. "Maneno ya vitabu, mama. Askari hasomi vitabu. Mnataka mjukuu wangu afungwe na tumbo lile?"

Akageuka aondoke. Bibi Mwanaasha akasema, taratibu, "Kitendawili."

"Mwanaasha, huu si wakati wake."

"Kitendawili, bwana."

Mzee akasimama. Akapumua. "Tega."

"Bwana wangu alikwisha zikwa, lakini bado ananituma."

"Mzimu."

"Sio."

"Deni."

"Sio. Nipe mji."

"Nakupa Mzenga."

"Mzenga nimekwenda. Nimekula, nimekunywa, wenyeji wamenisindikiza. Jibu langu ni sheria iliyofutwa. Yule Mzungu amekufa, na shamba lake limekuwa pori. Wewe bado unamfungia watoto wetu, na ubani unanunua mwenyewe."

Mzee akabaki amesimama. Mwanakheri aliogopa atafoka, lakini hakufoka. Alirudi kukaa, polepole, kama mtu aliyetoka kupalilia.

"Na baba yangu nitamwambia nini?" aliuliza.

"Mwambie safari hii mtoto atazaliwa," alisema Bibi Mwanaasha.

Mzee akaingia ndani. Alitoka na chetezo kisicho na moto. Akakigeuza, majivu yakamwagika uani.

"Njoo, mjukuu wangu." Akamshika Mwanakheri mikono yote miwili. "Ahadi ile nimekufungua. Fanya kazi kwa uaminifu. Ukiumizwa, sema. Ukitaka kuondoka, aga vizuri, uondoke. Na huko kwa bwana wako nitakwenda na wewe."

Wakaenda naye. Mlangoni pa ofisi ya Kongowe, mzee alivua kofia yake.

"Vaa kofia, babu," alinong'ona Mwanakheri. Mzee hakuivaa.

Castory, msimamizi, aliinua macho. "He! Mwanakheri, leo umekuja na ukoo mzima? Kuna mahari hapa?"

"Nimekuja na babu yangu na jirani yangu, kaka Castory. Na barua hii ya kliniki." Akaiweka mezani. "Sitapuliza dawa tena mpaka nijifungue na nimalize kunyonyesha. Nimekuja kuomba kazi ya chumba cha mayai."

Castory akaisoma barua, akaisukuma pembeni. "Dada yangu, kila anayeshika mimba akitaka mayai, mabanda yatapulizwa na nani?"

"Na nikianguka humo ndani, kuku watakuja kukuita?"

Castory akaivuta tena ile barua. Mama Hilario akasema, "Baba, hatukuja kugombana. Sheria ya kazi inakukataza kumpa mjamzito kazi ya hatari. Anataka kazi, hataki kukaa bure. Mkipatana hapa, mmemaliza. Msipopatana, tutakwenda kwenye Tume, watupatanishe wao."

"Hiyo sheria mbona mimi sijaambiwa?"

"Muulize mwajiri wako. Tutangoja."

Castory akatoka na simu. Aliongea na mwenye mradi muda mrefu, akitembea huku na huku kati ya mabanda. Mzee Maulidi alimfuata kwa macho. Castory aliporudi alikuwa mpole zaidi.

"Bosi anasema nenda kwenye mayai. Mshahara ni ule ule. Bomba atalibeba yule kijana Samweli, na tutamnunulia barakoa." Akamtazama mzee. "Na wewe mzee, mbona kimya? Unasemaje?"

"Nilikuja kusikiliza," alisema Mzee Maulidi. "Nimesikia."

Akavaa kofia yake humo humo ofisini, mbele ya Castory. Ndipo akatoka.

Mwanakheri alipanga mayai kwenye trei mpaka siku zake zilipokaribia. Alipata likizo ya uzazi yenye malipo, siku themanini na nne, kama sheria inavyosema. Akaenda Kisarawe kwa bibi yake kujifungua. Akajifungua salama hospitali, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wakamwita Firdausi.

Mtoto hajatimiza arobaini, simu ikalia. Alikuwa Castory.

"Mwanakheri, mayai yananishinda. Mtoto si ana bibi hapo? Njoo Jumatatu."

"Kaka Castory, hongera ya mtoto sijaisikia."

"Aa! Hongera, dada."

"Asante. Jumatatu siji. Mwanamke hatakiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita tangu ajifungue, labda daktari amruhusu. Na mimi niko likizo. Ikiisha utaniona getini. Nikirudi nitahitaji muda wa kunyonyesha, mpaka saa mbili kwa siku."

"Saa mbili tena?"

"Ndiyo sheria. Mama Hilario anakusalimu."

Castory akacheka mwenyewe. "Haya, nimekoma. Msalimie naye."

Mzee Maulidi alikuwa dirishani. Alisikia yote. "Umemkatalia bwana kazi?"

"Nimemwambia ukweli, babu. Ameelewa."

Mzee akaacha dirisha. Alivaa kanzu safi, akatoka, akakaa barazani akitazama njia ile waliyojia askari zamani. Bibi Mwanaasha alimwita chakula, hakwenda. Ilipita pikipiki, mzee akasimama. Alikuwa muuza samaki. Wakapita wanafunzi, kisha mama mmoja na kuni zake. Adhuhuri ikapita, na alasiri ikapita. Vivuli vikarefuka mpaka upande wa pili wa njia.

Adhana ya magharibi ilipolia, mzee aliinuka. Akaingia ndani, akanyoosha mikono yake miwili.

"Nipeni mtoto," alisema. "Njiani hakuna mtu."