Nyayo Kwenye Msala wa Bi Time

Severina hakuruhusiwa kuvaa sare ya skuli kabla hajafagia ua na kumlisha mbwa wao, Kimya. Asubuhi hiyo alifagia upesi upesi, kisha akaenda kuchukua bakuli pembeni mwa ukuta. Lilikuwa limejaa vile vile. Vichwa vya samaki, ambavyo mama alivinunua jana kwa muuza samaki wa baiskeli kutoka Tumbe, havikuguswa, na nzi walikuwa wameshajikaribisha.

Kimya mwenyewe alijilaza kwenye kona yake, akilamba miguu kwa raha ya mtu aliyetoka harusini. Alimtazama Severina kwa macho yake ya manjano, kisha akayafumba. Severina akajiuliza: mlafi huyu leo kashibishwa na nani?

Swali hilo lilimtisha, kwa sababu alijua jambo ambalo majirani wa Jadida hawakulijua. Kimya hakuwa mbwa mtupu. Baba yake Severina, Paskali, alikuwa fundi wa pampu za maji aliyehamia Wete kutoka Bara. Alipewa Kimya na mgeni mmoja mwenye hoteli aliyekuwa akifunga biashara na kurudi kwao. "Mama yake ni mbwa, baba yake ni chotara wa mbwa mwitu wa nchi za baridi," mgeni yule alimwambia. Akaonya kwamba wanyama hao huruka na kuchimba, hawatii kama mbwa, na si wa kuachwa karibu na kuku wala mtoto mdogo. Wanahitaji uzio mrefu uliozamishwa ardhini. Baba aliitikia kwa kichwa, kisha akazungushia ua mabati chakavu, basi.

"Majirani wakiuliza, semeni ni mbwa wa kawaida," aliwaambia nyumbani. "Hapa mbwa tu anawatia wasiwasi. Wakijua huyu ni nani, hatutakaa kwa amani."

Severina alikubali. Alimlea Kimya tangu alipokuwa wa kubebeka mkononi, na hakutaka aondolewe. Lakini sasa kuku wa Bi Time, bibi jirani wa nyumba ya pili, walikuwa wakipotea, na mtaa mzima ulikuwa ukitazamana kwa jicho la pembeni. Kwanza walimshuku ngawa wa porini. Kisha wakawashuku vijana wanaokaa kibarazani usiku. Mwishowe macho yote yakaelekea kwa Mzee Msellem, msasi wa mwisho wa mtaa, mwenye mbwa wa kuwafukuza tumbili na ngawa mashambani.

Njiani kwenda skuli alifuatana na Laila, mjukuu wa Bi Time.

"Jana limepotea koo la kuku wa bibi, lile jeupe," alisema Laila. "Seve, mbona mbwa wenu mie sijamsikia kubweka hata siku moja?"

"Ndiyo tabia yake."

"Tabia gani hiyo ya mbwa?"

Severina akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Laila alimsubiri, lakini hakuacha kumtazama.

Kesho yake Severina aliamka mapema akazunguka nyuma ya mabati. Palikuwa na shimo chini ya uzio, na mdomoni mwa shimo manyoya meupe. Aliyazika manyoya, akalisukumia shimo jiwe. Alipoinua kichwa, aliona jambo jengine upande wa Bi Time. Kwenye ubaraza wa nyuma, msala wa Bi Time, ule mkeka wake wa kusalia wenye michirizi myekundu, ulikuwa umetandikwa. Juu yake palikuwa na nyayo za tope mbichi, kubwa kupita za mbwa yeyote wa Mzee Msellem.

Aliangaza huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akapenya kwenye ua wa jirani, akaupangusa msala kwa upindo wa kanga yake mpaka doa likatoka, akarudi nyumbani. Alijiambia kwamba mambo yamekwisha.

Jioni, walipotoka skuli, Laila alimwita amsaidie kazi. Alikuwa ameinama uani akisugua ndoo kwa udongo.

"Mbwa wa Mzee Msellem kainywea maji," alieleza. "Sasa lazima niioshe mara saba, moja kwa udongo."

"Si uipanguse tu?" Severina aliuliza.

"Kupangusa hakutoshi. Mbwa akigusa kitu kwa umajimaji, ni najisi mpaka kioshwe hivo. Bibi hata sala hasali juu ya kitu kama hicho."

Severina aligeuka taratibu. Bi Time alikuwa kwenye ubaraza wa nyuma anasali alasiri, paji la uso wake limegusa msala ule ule, mahali pale pale. Severina aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alidhani ameficha doa, kumbe alikuwa amemfanyia bibi wa watu hila katika sala yake.

Bi Time hajakunja msala wake vizuri, watu wakaanza kuingia uani. Mbele alikuwa Haitham, kijana wa nyumba ya kona, ameshika mfuko mweusi. Nyuma yake alikuja Mzee Msellem, kofia mkononi.

"Bi Time, sie tumechoka," Haitham alisema. "Utumbo huu nshautia sumu. Mbwa wa mzee huyu wakila, kuku wa mtaa watapumua."

"Mbwa wangu nawafunga kabla ya magharibi," Mzee Msellem alisema. "Yakhe, wale ndio wanaonilisha. Nani kawaona na kuku?"

Wengine walitazama chini, wengine walimtazama kama mwizi aliyekwisha kamatwa. Wakati huo Paskali alikuwa akipita na begi lake la spana, akasimama mlangoni kusikiliza. Severina alimwangalia baba yake. Baba alitikisa kichwa kidogo, kwa namna ambayo Severina peke yake aliielewa: usiseme.

Severina alijua akisema, Kimya ataondoka. Akinyamaza, mbwa wa Mzee Msellem watakufa kabla jua halijazama.

"Si mbwa wa Mzee Msellem," alisema. "Ni wetu. Anachimba chini ya mabati. Manyoya ya koo jeupe nimeyazika mie. Na kwenye msala wako, Bi Time, zilikuwapo nyayo zake. Nilizipangusa usijue."

Laila aliacha ndoo. Watu wote wakamgeukia Paskali, naye akaweka begi lake chini polepole.

"Mwanangu anasema kweli," alisema. "Na ni mimi niliyemwambia anyamaze. Yule si mbwa wa kawaida. Ni chotara wa mbwa mwitu. Nilionywa, nikapuuza. Mzee Msellem, nisamehe."

Mzee Msellem aliuchukua ule mfuko mkononi mwa Haitham, akaenda kuuzika mbali na nyumba za watu, na Haitham akamfuata kumchimbia shimo.

Bwana Othman, daktari wa mifugo aliyeitwa na Paskali, alikuja kumtazama Kimya. "Hana kosa," alisema. "Damu ya mwituni haifutwi kwa kulelewa nyumbani. Leo kuku, kesho mbuzi, na mtoto akikimbia mbele yake atamwona windo. Anahitaji watu wanaojua kumtunza." Akawaunganisha na kituo kimoja huko Bara chenye uzio wa kweli. Kimya alipopakiwa kwenye tundu la mbao kupelekwa melini, Severina alilia bila kujificha, na Laila akamshika mkono.

Paskali aliwarudishia majirani mitetea badala ya kuku waliopotea. Severina naye aliomba kazi moja: kuuosha msala. Alichota maji, akaleta udongo safi, akaosha huku Laila akimhesabia mpaka saba. Bi Time aliketi ubarazani akiwatazama.

"Bi Time, na zile sala ulizosalia?"

"Nitazirudia, mwanangu. Hilo halinipi taabu." Bibi alinyoosha miguu. "Kuku pia nimepata. Lakini nambia, siku ya mwanzo mlipomleta mngenieleza ni mnyama gani, mie ningefanya nini?"

Severina alifikiri. "Ungewafungia kuku bandani."

"Na mlango wa nyuma ningeutia komeo, na watoto nisingewaachia kucheza karibu na mabati yenu. Mlidhani mnamficha mnyama. Kumbe mlinificha mie hatari yangu mwenyewe, nisiweze kujilinda, na mzee wa watu akabebeshwa wizi. Ukijua jambo linaloweza kumdhuru mwenzio, mwambie, hata kama litakutoa machozi."

"Nimekusikia, Bi Time."

Walisaidiana kuuanika msala juani. Ulipokauka, Severina aliukunja akampa Bi Time mkononi, naye Bi Time akaupokea, akautandika, akasimama kuanza sala za kurudia.