Msalimie Baba Yako

Jamani, Jumamosi ile nyumba ya seremala ilikuwa imetulia. Mabinti zake wawili walikuwa wakicheza kwenye maranda, wakicheka. Mdogo, wa miaka minne, akaangusha kopo la vanishi juu ya mlango aliokuwa akimtengenezea mteja. Baba yao akachukua nyundo ya mbao. Alimpiga kichwani mara tatu, na mtoto hakuamka tena.

Aliyeona ni dada yake peke yake, mwenye miaka tisa.

Seremala akakamatwa, akashtakiwa kwa mauaji. Afisa ustawi wa jamii alipanga kila kitu. Mtoto angeingia mahakamani kwa mlango wa nyuma, akae chumba cha pembeni na atoe ushahidi nyuma ya pazia, bila kumwona mshtakiwa. Bibi yake, mama wa seremala, akaja juu.

"Mjukuu wangu kaiba nini hata apitishwe uani? Mimi nimemlea kwa adabu!"

Siku ya kesi akawahi asubuhi, akampitisha mlango wa mbele. Ukumbini wakakutana na seremala, kafungwa pingu, kashikwa na askari.

"Msalimie baba yako," bibi akasema.

Mtoto akatoa mkono. Adabu hiyo! Baba akaushika kwa mikono yake miwili, akaminya mpaka kidole kikalia. Akamwinamia sikioni: "Ukisema, unamfuata mdogo wako."

Alipoingizwa chumba cha pembeni kutoa ushahidi, mtoto hakutoa hata neno moja. Alificha mkono ndani ya sketi, akajikojolea. Kesi ikafutwa, seremala akarudi nyumbani. Siku ya tisa akamkamata binti yule, akamvunja taya kwa mguu wa kiti. Bibi alipoingilia akatupwa ukutani, mbavu mbili zikavunjika.

Majirani walivunja mlango wakamwokoa mtoto. Miezi mitatu baadaye kesi ikafunguliwa upya, na mtoto, taya likiwa bado na nyaya za kuunga mfupa, alipitishwa mlango wa nyuma. Alieleza yote, na baba yake akafungwa.

Bibi alitaka kuingia naye.

"Safari hii utasubiri nje, mama," afisa akamwambia.

Alikaa kwenye benchi, akalia. 

FUNZO

Ndugu zangu, chumba cha pembeni, pazia na mlango wa nyuma havikuwekwa kumwaibisha mtoto. Ni kinga yake, na si mali ya ukoo hata tuipuuze kwa kuona haya. Mtoto shahidi asikutanishwe na aliyemuumiza, hata akiwa mzazi wake. Tukimlazimisha heshima hapo, tunamshikia muuaji mlango.