Simu ya Baba Mkubwa Kutoka Chita

Wewe, umewahi kusikia maji yakicheka ndani ya kichwa cha mtoto? Paskalina wa Lipangalala aliyasikia mchana kweupe, akimnyonyesha Levina. Kichwa cha binti kilikuwa kinajaa maji, kinakua, na siku hiyo kilinuka tope la mtoni.

Daktari bingwa alishawaambia wazazi: "Options ni mbili. Tuweke mpira wa kushusha maji tumboni, au tutoboe njia humohumo kichwani. It's up to you." Akaangalia saa, huyo, akaondoka. Up to nani? Mpira unaziba, tundu linajifunga; nani aliwaeleza? Nobody.

Gosbert, mumewe, akasema kwao mtoto hapasuliwi bila neno la baba mkubwa. Akampigia kaka yake Evaristo, aliyekuwa Chita akivuna mpunga.

"Shikamoo kaka. Tuchague mpira au tundu?"

"Nisubirini," sauti ikajibu, nyuma yake maji yakibubujika. "Msimguse mtoto."

Kila walipopiga, jibu lilikuwa lilelile.

"Baba Levina," Paskalina alinong'ona, "shemeji anaongelea ndani ya kisima?"

"Network ya Chita hiyo. Tulia."

Akatulia, na huku ametulia macho ya Levina yakazidi kuzama chini, yakitazama kitu kifuani pake ambacho wao hawakukiona, na harufu ya tope ikapanda kutoka kwenye kanga hadi kwenye mto wa kulalia hadi kwenye maziwa ya Paskalina mwenyewe.

Ndipo Evaristo akaingia na gunia la mpunga begani.

"Mtoto yuko hivi, na hamniambii?"

"Kaka, si tunaongea kila siku?"

"Kwa simu ipi? Yangu ilizama mtoni kabla hatujaanza kuvuna."

Simu ya Gosbert ikaita mezani. *Kaka Evaristo*. Ikajipokea yenyewe.

"Nisubirini," ikasema, na midomo ya Levina ikacheza pamoja nayo.

Evaristo akarudi nyuma hadi ukutani. "Neno langu ni moja. Chagueni nyie mliomzaa. Sasa hivi."

"Mpira," alisema Paskalina. Gosbert akaitikia kwa kichwa.

Hospitalini, nesi akawaambia bingwa kashaondoka, wakubwa wamempangia safari. Akampigia, akaweka spika.

Maji yakabubujika. "Nisubirini."

Haya, nyie wakubwa wa viyoyozi mliompangia safari: mrudisheni bingwa leo, mtu mwenyewe, siyo sauti, akae chini amweleze Paskalina kwa Kiswahili, kisha anawe mikono aanze kazi. Levina hasubiri tena.