Nafasi Moja ya Mbung'o

Mvumilivu hula zilizooza. Demetria alivumilia miezi mitano tangu arudi kutoka Ulaya na shahada ya pili ya elimu ya mbung'o. Kituo cha utafiti kilikuwa Tabora, nacho kilitaka mtaalamu mmoja tu. Akiikosa nafasi hiyo, serikali ingempangia kazi yoyote.

Alikutana na Mfaume kwenye foleni ya unga, duka la ushirika la Temeke, mwaka 1974. Kijana kavaa kaunda suti ya kijivu, iliyopigwa pasi ikanyooka.

“Dada, unatetemeka. Njaa au homa?”

“Nasubiri barua.”

“Ya mpenzi?”

“Ya kazi.”

Mfaume akacheka. Barua za kuwapangia wahitimu kazi alizipiga chapa yeye, katika ofisi ya serikali.

Walipendana upesi. Kisha asubuhi moja Demetria akaitwa simuni kwa jirani.

“Mpenzi, tumeshinda. Unabaki Dar, utafundisha sekondari.”

“Na Tabora?”

“Anapewa mwingine. Barua zinatoka leo saa nane. Mwanamke mwenye mchumba hatenganishwi naye, kwa hiyo mie nikakujazia kwenye fomu: ana mchumba, Temeke.”

Demetria akaweka simu, akatoka kutafuta basi la kwenda ofisini kwa Mfaume.

Saa saba na nusu alisimama mbele ya bwana mkubwa wa ofisi, gauni la kitenge limemganda mgongoni kwa jasho.

“Shikamoo, mzee. Fomu yangu imekosewa. Sina mchumba.”

Mashine zote za chapa zilinyamaza. Mzee akaisoma fomu, akalikata neno mchumba kwa wino mwekundu.

“Mfaume, mpigie barua ya Tabora.”

Akapiga. Kila herufi ilimgonga Demetria kifuani. Neno moja tu likipotoshwa, miaka yake saba ya masomo imekwenda bure, na mwenye vidole vile alikuwa amemkana sasa hivi.

Ukumbini Mfaume akamkabidhi karatasi. Demetria akaisoma mara mbili. Jina sawa. Tabora.

“Umenikana mbele ya watu,” Mfaume alisema taratibu. “Niombe radhi, yaishe.”

“Ulinichumbia kwenye fomu kabla hujaniuliza mie mwenyewe.”

Kijana akatazama viatu vyake. “Basi nakuuliza. Utaolewa nami?”

“Tabora nako kuna ofisi zenye mashine za chapa. Omba uhamisho. Nitakupokea stesheni, na jibu nitakupa hapo hapo.”

“Na radhi yangu?”

Demetria akaikunja barua, akaitia mkobani.

“Siombi.”