Sabini Imetoka Wapi?

Kila jioni, akishaosha vyombo, Akeyo alichukua chaki na kufanyia hesabu zake mlangoni. Mlango wa nyumba yao huko Mashimoni, Kibera, ulikuwa wa bati, na daftari lake lilikuwa limebakiza kurasa chache za kubania. Alichora pembetatu, akafuta kwa kitambaa, akarudia, kisha akanakili jibu tu daftarini. Alikuwa mwepesi wa hesabu, na mwepesi wa hasira pia, tena sana.

Ijumaa moja, Mwalimu Jentrix aliingia gredi ya nane na madaftari mawili mkononi. Swali lilikuwa la pembetatu ABC: pande AB na AC ni sawa, pembe A ni digrii 40. Pembe B ni ngapi?

"Akeyo, Vincent, simameni. Mnakaa dawati moja, na nyote mmeandika 70 bila kitu kingine chochote. Nani amemwibia mwenzake?"

Siku hiyo mwalimu alikuwa amtaje mwanafunzi wa kwenda kwenye mashindano ya hesabu Kawangware, na Akeyo aliitaka nafasi hiyo kufa na kupona.

"Mwalimu, mimi sijaiba! Nilifanya kwa mlango wetu!"

"Na mlango umeuleta?"

Darasa zima liliangua kicheko. Vincent peke yake hakucheka.

Mwalimu alimpa Akeyo karatasi. "Andika njia yako. Thuo hapa amekuwa mgonjwa wiki nzima, swali hili halijui. Akisoma na kuelewa bila wewe kufungua mdomo, nitakuamini."

Akeyo aliandika mbio mbio: 180 − 40 = 140. 140 ÷ 2 = 70.

Thuo alikuna kichwa. "Aii, nimekwama. Mbona umegawa kwa mbili?"

"Si iko wazi! Hizo pande—"

"Mdomo, Akeyo!"

Akeyo alikasirika. Aliitazama karatasi tena. Ni kweli, hakuna mahali alipokuwa ametaja pande. Akaandika upya, polepole:

Jumla ya pembe za pembetatu ni digrii 180. Pembe A ni 40, kwa hivyo B na C pamoja ni 140. Pande AB na AC ni sawa, kwa hivyo pembe B na C ni sawa. Kila moja ni nusu ya 140, yaani 70.

Thuo alisoma, kidole kikifuata mistari. "Ahaa! Sasa nimeshika!"

Vincent aliinua mkono. "Mwalimu, ni mimi. Nilichungulia. Pole, Akeyo."

"Wewe utaniandikia swali hili lote, na sababu zake," mwalimu alisema, kisha akamgeukia Akeyo. "Kawangware utaenda wewe. Lakini sikiza. Huko atakayesahihisha hakujui, na hutakuwepo kumweleza. Jibu hata Vincent alikuwa nalo. Sababu ndizo ulizokuwa nazo peke yako, na ndizo ulizonificha."