Mpira Kwenye Kitufe

Ndugu zangu mliokuja kununua redio za upepo, hizi za kuitana kwa zamu, kaeni kwanza niwaambie ya Mzee Maneno, kabla sijamfungia mtu hata waya mmoja.

Nyumba yake ilikuwa na raha. Ua umefagiwa, mkewe anachambua mboga barazani, na redio inanong'ona sauti za madereva wanaobeba mawe kutoka machimboni. Mtoto wao wa pekee alikuwa mmoja wa madereva hao. "Nateremka, nina mzigo," angesema, na mama yake angetabasamu peke yake. Barabara ya mteremko ule hupitisha lori moja tu, na simu hazishiki. Anayeshuka hutangaza redioni, anayepanda hujibanza kwenye kituo cha kupishana. Uhai wao ulikuwa hapo.

Mzee mwenyewe alikuwa dereva mstaafu, na kukaa bure kulimtafuna. Nilipomfungia redio, na antena ndefu juu ya paa, nilimfundisha kama nitakavyowafundisha nyinyi. Sikiliza kwanza. Bonyeza kitufe cha maiki, sema kwa kifupi, achia. Ukiwa umebonyeza, wewe humsikii mtu, na mwenye antena fupi hawezi kupenya sauti yako.

"Fundi, mimi nimeendesha lori kabla hujaota meno," akanijibu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akaanza kwa salamu, akaingia kwenye visa vya ujana wake. Madereva walicheka, kisha wakachoka, wakamwomba awaachie njia. Akasema wana wivu. Kidole gumba kilipoanza kumuuma, akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga kitufe kibaki kimebonyea. Sasa akawa anahadithia huku kaegemea kiti, chai mkononi. Mwerevu kweli!

Siku moja mchana mkewe alisimama mlangoni. "Mzee, hao watu wanakujibu saa ngapi?"

"Wanasikiliza, mama. Anayesikiliza hajibu."

"Mtoto yuko njiani na mzigo. Achia kidogo tumsikie."

"Nimalizie hiki kimoja."

Jamani, hiki kimoja!

Breki za kijana zilikatika katikati ya mteremko. Chini yake lori jingine lilikuwa linapanda, dereva wake hana habari. Kijana akaona watagongana uso kwa uso, akakata usukani na kujibamiza kwenye ukuta wa mwamba. Yule wa chini akapona. Tulipomtoa kijana, maiki ilikuwa bado mkononi mwake, kidole kimekaza kwenye kitufe.

Dereva aliyepona alikuja msibani. Mzee akamshika mkono. "Hakuita? Mwanangu hakuita?"

"Sijui, mzee wangu. Nilikuwa nakusikia wewe. Ulikuwa unasimulia ulivyoteremka pale pale ujanani, bila breki."

Nilikuwepo. Sikuweza kumtazama usoni, na sitaki kusema uongo: nilimchukia.

Mkewe amehamia kwa dada yake. Madereva wamehamia mkondo mwingine wa redio, asikowasikia. Juzi mzee aliniita, akasema redio imeharibika, haitoi sauti ya mtu. Nikaipima, nzima kabisa. Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu, akachukua maiki, akabonyeza, akasema, "Naachia sasa, mwanangu. Sema." Akaachia. Akakaa anasikiliza.

FUNZO

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Huu uliponza kichwa cha mtoto. Redio ya upepo ni njia ya wote, na anayeing'ang'ania amewaziba wenzake midomo na kujiziba mwenyewe masikio. Na msidhani nawasema wenye redio peke yao. Wazazi, kuna nyumba ambazo baba anasema tangu asubuhi na mtoto anaita. Achieni kitufe mapema, wakati bado kuna wa kujibu.