Mwanamke Aliyejua Mume Wangu Anakula Nini

"Mwambie mkeo ukweli. Utamficha mpaka lini?"

Jamani! Meseji hiyo niliisoma kwenye simu ya mume wangu, yeye yuko bafuni...

Mume wangu anatibiwa saratani. Nimeacha kazi yangu ya saluni, mwezi wa nne huu, nimuuguze. Napika kwa moyo wote. Anagusa vijiko viwili, eti ameshiba. Lakini kila asubuhi anajifungia chumbani na simu, na nasikia anacheka!

Mimi nabaki na sahani, mwenzangu anapata kicheko?

Nikapandisha meseji juu, nikakuta nyingine ya namba hiyohiyo: "Umekula leo? Umenifurahisha sana."

Nikaipigia namba hiyo. Video kabisa, nimwone!

Akapokea dada mmoja, koti jeupe, mafaili nyuma yake.

"Wewe ndiye unayefurahishwa na mume wangu?"

"Wewe ni mkewe? Afadhali umepiga. Mimi ni mtaalamu wa lishe wa hospitali. Wagonjwa wanaokaa mbali nawahudumia kwa simu."

"Ukweli gani ananificha?"

"Huo akuambie mwenyewe."

Nikageuka. Mume wangu kasimama mlangoni, shati linampwaya kama la kuazima.

"Mke wangu... dawa zimeniharibu ulimi. Kila kitu nasikia ladha ya chuma. Ukikaanga vitunguu tu, natapika. Hata vile vijiko viwili vya chakula chako huwa... navitema."

"Miezi yote hii?!"

"Umeacha kazi kwa ajili yangu. Ningeanzia wapi?"

Nililia, wapendwa. Na nisiwadanganye, wivu haukuisha, ulizidi! Mwanamke wa mbali anajua koo la mume wangu linapitisha nini, mimi ninayelala naye sijui?

Dada alikuwa bado hewani.

"Akipungua kilo moja tena," akasema, "daktari ataahirisha dawa."

Nikameza wivu wangu.

"Basi nifundishe. Nimpe nini?"

"Vya baridi. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na kijiko kiwe cha plastiki."

Siku hiyo alikula mtindi na nusu ya yai la kuchemsha. Nilimkodolea macho mpaka akaona haya!

Wiki mbili baadaye mizani ikapanda nusu kilo. Dawa akapata tarehe ileile iliyopangwa.

Unayeuguza mtu wako, muulize kwanza anaweza kumeza nini. Mimi nilikuwa namtapisha mume wangu kwa mapenzi, naye ananionea huruma.